Kumfuga kiti cha pweza Arusha na Moshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wenye akwaria za maji ya chumvi huku kaskazini si wengi, lakini maswali kuhusu kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, hayaishi. Anauliza mwenye hoteli anayetaka tangi la kupendezesha mapokezi, anauliza mwalimu wa baiolojia, anauliza mzazi aliyetoka likizo Tanga na mtoto anayetaka kuja na "nyota" nyumbani. Nimekusanya hapa yale yanayorudiwa zaidi, na nimejibu kwa kirefu pale ambapo wanyama wengi hupotea, yaani kwenye maji na chakula.

Msimamo wangu nausema mapema. Kiti cha pweza anaweza kuishi vizuri akiwa zaidi ya kilomita 300 kutoka baharini, ila wengi wanaofungiwa kwenye vioo hufa kwa njaa. Njaa hiyo huenda polepole, mwezi baada ya mwezi, na mwenye tangi huendelea kudhani mambo ni mazuri.

Kiti cha pweza ni samaki?

Hapana. Hana uti wa mgongo, hana mapezi, hana magamba. Yumo katika kundi la ekinodamata, pamoja na jongoo bahari na wale weusi wenye miiba mirefu wanaowachoma waogaji miguuni. Aina za viti vya pweza zilizokwisha kuelezwa na wanasayansi zinakaribia 1,900, na zote ni za baharini. Wengi wana mikono mitano, lakini wapo wenye zaidi ya 20.

Ni kweli hana damu wala ubongo? Anaendaje, sasa?

Ni kweli, na jibu la swali hili ndilo msingi wa kila kitu kinachofuata, kwa hiyo lisome hata kama haja yako ni kujua bei ya hita tu.

Badala ya damu, mwilini mwake yanazunguka maji yanayokaribiana sana na maji ya bahari. Mgongoni ana kibamba kidogo chenye vitundu, mara nyingi cha rangi tofauti na mwili, na hapo ndipo maji ya bahari huingilia. Kutoka hapo hupita kwenye mfereji unaouzunguka mdomo, kisha kwenye mfereji wa kila mkono, mpaka kwenye mamia ya vijiguu laini vilivyopangika upande wa chini. Kila kijiguu kina kifuko chake cha maji kwa ndani. Kifuko kikijikunja, maji husukumwa na kijiguu hurefuka. Kikilegea, kijiguu hurudi. Ncha za vijiguu hutoa gundi ya kushikia kioo au jiwe, na kemikali nyingine ya kuiachia. Ukimwona anapanda ukuta wa tangi, ujue vijiguu vyote hivyo vinafanya kazi bila kichwa cha kuviamuru: ana mishipa ya fahamu iliyozunguka mdomo na mwingine katika kila mkono, basi.

Macho anayo. Yapo kwenye ncha za mikono, doa moja kila mkono. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu aina ya buluu, Linckia laevigata, ulionyesha kwamba wakihamishwa umbali mfupi kutoka kwenye mwamba, wenye macho hurudi kuelekea mwambani, na walioondolewa macho hutangatanga ovyo. Hayaoni rangi wala vitu vidogo, lakini kivuli kikubwa cha mwamba yanakiona.

Kwa mfugaji maana yake ni hii: maji ya tangi lako ndiyo yaliyomo mwilini mwake. Chumvi ikipanda au kushuka kwenye tangi, imepanda au kushuka ndani yake pia, na hana figo za kumsaidia kusawazisha.

Naweza kumweka kwenye bwawa langu la perege? Au Ziwa Duluti?

Atakufa, na hatachukua muda mrefu. Hakuna kiti cha pweza wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, popote duniani. Duluti na Chala ni maji yasiyo na chumvi ya bahari. Manyara, Natron na maziwa ya Momella yana chumvi, lakini ni ya magadi na haimfai kabisa.

Maji lazima yatoke baharini?

Si lazima. Unaweza kutengeneza maji ya bahari hapa hapa, na kwa mtu wa Arusha au Moshi mimi napendelea hivyo kuliko kubeba madumu kutoka Tanga. Maji yaliyokaa kwenye madumu kwa safari ya siku nzima, juani, yanafika yakiwa na viumbe vidogo vilivyokufa na kuoza humo. Yakitekwa karibu na mdomo wa mto yanakuwa na chumvi pungufu na tope. Mto Pangani, kwa mfano, unachukua maji kutoka Meru na Kilimanjaro kupitia Bwawa la Nyumba ya Mungu hadi baharini, na pale unapoingilia bahari mvua za masika hubadilisha maji sana.

Unapotengeneza mwenyewe, tatizo linahamia kwenye maji ya bomba au kisima. Maji ya ukanda wa Mlima Meru yanajulikana kwa floraidi. Meno ya kahawia ya watu waliokulia huko ni ushahidi tosha. Maji ya bahari ya kawaida yana takriban miligramu 1.3 za floraidi kwa lita, na visima kadhaa vya Arusha vinazidi hapo kwa mbali. Ukiongeza chumvi juu yake, unazidisha. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Kunapunguza maji na kuiacha ikiwa kali zaidi. Halafu kuna klorini ya maji ya mamlaka, na nitrati kwenye visima vilivyo karibu na mashamba yenye mbolea au vyoo.

Dawa ya yote hayo ni mashine ya kuchuja kwa utando mwembamba, ile wanayotumia wauza maji ya kunywa, ikifuatiwa na kichujio cha mwisho cha kuondoa madini yaliyobaki. Ukinunua maji kwa muuzaji, muulize kama anarudishia madini kwa ajili ya ladha, maana wengine hufanya hivyo. Nunua kipimo kidogo cha madini yaliyoyeyuka. Kisome mwenyewe kabla ya kulipa: kikionyesha sifuri au karibu na sifuri, maji hayo ni mazuri. Kikionyesha 60 au 100, yaache yawe ya kunywa.

Chumvi ipi? Ya mezani haitoshi?

Haitoshi. Chumvi ya mezani ni sodiamu na klorini, pamoja na madini joto yaliyoongezwa kwa ajili ya afya ya watu. Maji ya bahari yana pia magnesiamu, salfeti, kalsiamu, potasiamu na mengine kwa viwango vyake: kalsiamu kiasi cha miligramu 400 kwa lita, magnesiamu karibu 1,300. Gamba la ndani la kiti cha pweza limejengwa kwa vipande vya chokaa, na bila kalsiamu na magnesiamu hawezi kulitunza.

Magadi ndiyo mbaya zaidi. Ni kabonati ya sodiamu. Huipandisha pH mpaka maji yanakuwa ya kufulia. Tangi la bahari linataka pH kati ya 8.1 na 8.4.

Nunua chumvi iliyotengenezwa mahususi kwa akwaria za baharini. Kwa kawaida gramu 35 hadi 38 hutosha lita moja, lakini usiamini kijiko, pima. Unalenga gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji, ambayo kwenye kipimo cha uzito wa maji husomeka kama 1.025 au 1.026. Kipimo cha lenzi ni cha uhakika kuliko kile cha plastiki chenye mshale. Changanya kwenye ndoo safi isiyowahi kuwa na sabuni, acha pampu izungushe usiku kucha, ndipo uyatumie.

Jambo moja linalokosewa kila mara: maji yakipungua tangini kwa kukauka, chumvi haiondoki nayo. Jazia maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi. Jazia kila siku kidogo kidogo, hasa miezi ya kiangazi, kuliko kumwaga lita nyingi Jumamosi.

Baridi ya Arusha haimdhuru?

Itamdhuru kama huna hita. Viti vya pweza wa pwani yetu wamezoea maji ya nyuzi 24 hadi 28. Usiku wa Juni na Julai nyumba nyingi za Arusha zinakuwa baridi mno kwa mnyama huyu. Weka hita mbili ndogo badala ya moja kubwa: moja ikifa, nyingine inazuia maji yasipoe ghafla, na moja ikigoma kuzima haiwezi kuchemsha tangi zima. Kadiria wati moja kwa lita.

Moshi shida ni kinyume. Januari na Februari maji hupita nyuzi 29 mchana kwa urahisi. Feni inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili au tatu kwa kuyakausha, kwa hiyo utajazia zaidi.

Kuna jambo ambalo vitabu vya ufugaji vilivyoandikwa kwa watu wa pwani havilitaji, nalo ni mwinuko. Arusha iko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapo ni takriban asilimia 85 ya ule wa Tanga. Oksijeni inayoweza kuyeyuka kwenye maji hupungua kwa kiwango hicho hicho. Moshi ni karibu asilimia 90. Maji ya chumvi hushika oksijeni pungufu kuliko maji yasiyo na chumvi, na yakiwa ya moto hushika pungufu zaidi, kwa hiyo huku juu huna akiba ya kuchezea. Usiwe na mfuniko uliobana, elekeza pampu ivuruge uso wa maji, na usijaze tangi samaki mpaka wapishane. Kiti cha pweza hupumua kwa vijiguu na kwa vinyweleo laini vya mgongoni. Hawezi kuja juu kuvuta hewa.

Umeme ukikatika?

Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, iwe na chaji siku zote, ndiyo kifaa cha kwanza kununua baada ya kioo chenyewe. Joto hushuka taratibu na unaweza kulifunika tangi kwa blanketi pembeni. Oksijeni haikusubiri hivyo. Tangi kubwa hustahimili zaidi kuliko dogo. Ukiwa na betri ya sola nyumbani, unganisha pampu ya maji na ya hewa, iache hita nje maana itakumalizia chaji.

Tangi liwe la lita ngapi, na nisubiri muda gani?

Kwa aina ndogo za Fromia, kama yule mwekundu, anzia lita 200. Kwa Linckia na kwa wale wakubwa wenye nundu, Protoreaster, lita 400 au zaidi.

Kusubiri ndiko kunakowashinda watu. Bakteria wa kubadilisha amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, huhitaji kama wiki nne hadi sita kujijenga, na hapo unaweza kuweka samaki mgumu mmoja au wawili. Kiti cha pweza bado. Mpe tangi nusu mwaka kwa uchache. Kwa Linckia na Fromia ningesema mwaka mzima, kwa sababu hao hulamba utando wa viumbe vidogo unaoota kwenye mawe, na utando huo hauoti kwa amri. Amonia na nitriti ziwe sifuri kabisa, nitrati iwe chini.

Nichague aina gani?

Kama swali ni "yupi atapona", jibu langu la kwanza si kiti cha pweza halisi. Ni yule jamaa yake mwenye mikono myembamba kama nyoka, anayejificha chini ya mawe mchana na kutoka usiku. Huyo ni wa kundi la ofiuroidea. Anakula masalia ya chakula cha samaki, anavumilia, na watoto wanampenda kwa sababu anakimbia kweli kweli. Epuka yule wa kijani mkubwa, Ophiarachna incrassata, akikomaa hunasa samaki wanaolala.

Katika viti vya pweza wenyewe, mgumu kuliko wote ni Protoreaster. Protoreaster lincki, mwenye mwili wa kijivu na nundu nyekundu, ni wa Bahari ya Hindi na anaonekana kwenye nyasi bahari za pwani yetu. Anakula nyama unayompa, kwa hiyo njaa yake inatibika. Lakini anafika sentimita 30, na hula matumbawe, sifongo, chaza na chochote kisichokimbia. Awe kwenye tangi la samaki tu.

Linckia wa buluu ndiye anayetamaniwa kuliko wote kwa rangi yake. Namsihi anayeanza amwache. Wengi hufa ndani ya miezi michache kwenye akwaria za nyumbani, hata mikononi mwa watu makini. Fromia mwekundu ana nafuu kidogo, kwenye tangi kongwe lenye mawe mengi.

Astropecten, anayejizika mchangani, huuzwa kama msafisha mchanga. Humaliza wadudu wote wa mchangani kisha hufa njaa akiwa amejifukia, na hujui. Usimnunue.

Culcita, yule mnene kama mto wa kulalia, ni mla matumbawe. Na Acanthaster mwenye miiba mingi hana nafasi katika tangi la mtu yeyote.

Wapo pia vidogo vya familia ya Asterinidae, vya ukubwa wa ukucha, vinavyokuja vyenyewe kwenye mawe. Viache. Vingi vinakula mwani tu na hujigawa viwili kuongezeka. Kwa shule vinafaa kuliko mnyama wa fedha nyingi.

Anakula nini, na nimlisheje?

Hapa naomba uvumilivu wa msomaji, maana ndipo penye vifo.

Mdomo uko chini, katikati. Aina nyingi hazimezi chakula kama sisi. Huteremka juu ya kome au kipande cha nyama, hulitoa tumbo nje kupitia mdomoni, hulitandaza juu ya chakula na kukiyeyusha pale pale, kisha hulirudisha. Kwenye kome mzima, vijiguu huvuta magamba mawili mpaka upatikane mwanya mdogo tu, na tumbo hupita hapo. Nguvu hii inapanga maisha ya miamba mizima. Katika miaka ya 1960 mwanaikolojia Robert Paine aliwaondoa viti vya pweza wa aina ya Pisaster kwenye sehemu ya mwamba huko jimbo la Washington, Marekani, na kome wakafunika mahali hapo wakawasukuma viumbe wengine nje. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 1969, alilipa jina wazo la spishi mhimili, yaani kiumbe mmoja anayeshikilia uwiano wa wengine wengi, ambalo wanafunzi wa ikolojia wanalisoma hadi leo.

Kwa Protoreaster: mpe kamba, ngisi, kome au samaki mbichi asiye na chumvi wala viungo, mara mbili au tatu kwa wiki. Kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole kinatosha. Kitelezeshe chini ya mkono wake kwa koleo la plastiki, karibu na mdomo, na uwazuie samaki wasimnyang'anye. Atakunja mikono na kusimama kwa ncha, muache. Baada ya saa chache ondoa kilichobaki. Dagaa wakavu wa sokoni wasitumike, wana chumvi ya kukaushia na mchanga, na huchafua maji. Samaki wa barafu myeyushe na umsuuze kwanza kwa maji yaliyochujwa.

Kwa Fromia na Linckia hakuna kipande cha kuwapa kinachotegemewa. Wengine hukubali vidonge vya mwani vinavyozama au nyama ya chaza iliyosagwa, wengine hukataa katakata. Chakula chao ni ukongwe wa tangi na wingi wa mawe. Asiye na vitu hivyo viwili hana cha kuwalisha, na kumnunua ni kumhukumu.

Njaa inajulikanaje? Mikono hukonda, hasa sehemu inapoungana na mwili. Ngozi hufifia. Ncha hulegea. Mwingine hupunguza ukubwa kwa kula akiba ya mwili wake, na mwenye tangi husema "hajabadilika". Mpige picha kila mwezi pembeni ya rula iliyobandikwa kwenye kioo. Namba haidanganyi.

Naweza kumchukua mwenyewe ufukweni Tanga?

Usifanye hivyo bila kuuliza. Ndani ya hifadhi za bahari na maeneo tengefu, yanayosimamiwa kwa sheria ya mwaka 1994, huruhusiwi kuokota viumbe bila kibali. Hiyo inahusu Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, Maziwe, Mafia na kwingineko. Nje ya hapo kuna sheria ya uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake. Anza kwa afisa uvuvi wa wilaya, umweleze unachotaka na kwa nini, upate jibu la maandishi.

Kama una kibali, safari ndiyo kazi. Kila mnyama kwenye mfuko wake, maji mengi, hewa juu, ndani ya kulboksi bila barafu. Bonde la Mkomazi hadi Same lina joto kali mchana, kwa hiyo ondoka usiku. Asilishwe siku moja kabla, ili asichafue maji njiani.

Nikifika naye, namtia tangini moja kwa moja?

La, na hapa haraka inaua. Mweke na maji yake kwenye ndoo, chukua mpira mwembamba wa hewa, ufunge fundo, uache maji ya tangi yadondoke tone moja moja. Masaa mawili ni kima cha chini. Kwa Linckia fanya matatu au manne. Angalia joto la ndoo lisishuke, hasa jioni za Arusha. Pima chumvi ya ndoo na ya tangi. Zikilingana, mhamishe akiwa ndani ya bakuli la maji bila kumpitisha hewani. Maji ya ndoo yamwage nje.

Mkono umekatika. Nimempoteza?

Mara nyingi mkono huota tena, kwa miezi au hata zaidi ya mwaka, maji yakiwa safi na chakula kikiwepo. Linckia wana uwezo wa ajabu zaidi: mkono uliokatika, peke yake, unaweza kuotesha mwili mzima na mikono mingine midogo. Tofautisha jeraha la kuliwa na samaki, ambalo ni safi, na mkono unaojitenga wenyewe huku ngozi ikioza. Hilo la pili ni ugonjwa.

Dalili za ugonjwa ni zipi, na dawa ipi?

Analegea kama tairi lililotoboka, vidonda vyeupe vinatokea, ncha za mikono zinajikunja vibaya, akianguka chali hajigeuzi. Mzima hujigeuza mwenyewe, ingawa kwa taratibu.

Dawa ya chupa usitafute. Dawa nyingi za samaki zina shaba, na shaba huua ekinodamata hata kwa kiwango kidogo. Tangi lililowahi kutibiwa kwa shaba hubaki nayo kwenye mchanga na mawe. Hakikisha pia hakuna kiungio cha shaba nyeupe au shaba nyekundu kwenye mabomba yako. Kinachosaidia ni kupima maji, kubadilisha robo yake kwa maji yanayolingana joto na chumvi, na kuongeza hewa.

Na dawa ya mbu! Dawa za kupuliza chumbani zina pairethroidi, sumu kali kwa viumbe vya majini, na pampu ya hewa huzivuta moja kwa moja mpaka ndani ya maji. Chumba chenye tangi kiwe na wavu madirishani. Wafanyakazi wa usafi waelezwe hilo siku ya kwanza, hasa hotelini.

Akifa mtoe mara moja, anaoza upesi na amonia hupanda.

Huko pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini, tangu mwaka 2013, ugonjwa wa kuyeyuka umewaua viti vya pweza kwa mabilioni. Yule mkubwa wa mikono mingi, Pycnopodia, ametangazwa kuwa hatarini kabisa kutoweka. Mwaka 2025 watafiti walimtambua bakteria mmoja, Vibrio pectenicida, kuwa chanzo chake kwa Pycnopodia. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kumpata, kwa hiyo usijilaumu ukishindwa kujua kilichomuua wa kwako.

Ana sumu? Watoto wanaweza kumshika?

Wengi hawamdhuru mtu. Acanthaster ndiye wa kuogopa: miiba yake ina sumu, huvunjikia mwilini na kuvimba vibaya. Aliyechomwa aende hospitali. Hao wengine, sababu ya kutowashika ni wao, si sisi: mafuta, losheni na sabuni za mikononi huwadhuru.

Atazaa tangini?

Wakubwa wanaweza kumwaga mayai na mbegu majini, mayai kwa mamilioni, lakini lava, yaani watoto wao wachanga wanaoelea, hunyonywa na pampu au kuliwa.

Kumtoa majini kupiga picha, dakika moja tu, kuna ubaya?

Upo. Anaponing'inia hewani, maji ya mwilini yanamtoka na hewa inaweza kuingia mahali pasipo pake, halafu jua la saa sita linamkausha. Akishikwa na watalii kumi kwa asubuhi moja, hiyo dakika moja inakuwa kumi. Piga picha akiwa chini ya maji; maji ya pwani yetu yakitulia yanaonyesha vizuri kabisa. Waliokaushwa wanaouzwa kama mapambo walikuwa hai walipookotwa, nami huwaomba wenye maduka ya zawadi mjini wasiwaagize.

Shule yetu haina uwezo wa tangi. Tufanyeje?

Wapelekeni wanafunzi baharini wakati wa bamvua, siku za mwezi mpevu au mwandamo. Pwani yetu bahari hupwa zaidi ya mita tatu siku hizo, na maji kupwa kabisa huangukia kama saa nne hadi saa tano asubuhi, muda mzuri kwa watoto. Kwenye nyasi bahari na madimbwi ya mwambani mtaona viti vya pweza, majongoo bahari na kaa, wakiwa kwao, wakila chakula chao. Kutoka Pangani kuna mashua za kwenda Maziwe, eneo tengefu tangu mwaka 1975, fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Kiingilio hulipwa, na muda hufuata maji. Kila mtoto avae viatu vya raba vya soli ngumu. Kila jiwe lililogeuzwa lirudishwe, maana waliojishika chini yake hufa juani.

Nikishindwa kumtunza, nimrudishe baharini?

Hapana, hata kama alitoka huko huko. Amekaa na samaki na mawe kutoka sehemu nyingine, na anaweza kupeleka ugonjwa kwenye mwamba ambao haukuwa nao. Mtafutie mwenye tangi kongwe zaidi yako, Arusha, Moshi au Dar es Salaam, na umkabidhi mapema, angali ana nguvu za kula.